Bati la Pijo, Injini ya Hiace

Jumapili nilikwenda kwenye maonyesho ya magari ya kale hapa Dar, na nimerudi na hasira ambayo mpaka leo Jumatano haijashuka. Mke wangu ameshachoka kunisikiliza. Zamu yenu.

Katikati ya uwanja, chini ya hema zuri kuliko yote, ilikuwepo Peugeot 404 nyekundu. Nyekundu ya kumetameta, ile wanayopigia pikipiki mpya. Rimu za aloi. Vioo vya tinti. Taa za mbele zimebadilishwa, sasa zinawaka buluu kama duka la simu Kariakoo. Watu wamejaa wanajipiga picha, wengine wameegemeza hata watoto kwenye boneti. Na mbele ya bampa kimesimamishwa kibao kilichochapwa kwa herufi kubwa: “Peugeot 404, 1965. ASILIA.”

Nikamwomba mwenye gari anifungulie boneti. Kijana mstaarabu kabisa, mtoto wa watu. Akanipa “Shikamoo mzee” (nina miaka 51, lakini tuliache hilo), akafungua kwa fahari. Nikainama kuchungulia.

Injini imesimama wima.

Wanaoijua 404 wameshashika vichwa. Kwa wengine: injini ya gari lile haijawahi kusimama wima tangu siku ya kwanza lilipotoka mwaka 1960. Imelala upande, nyuzi 45, kama mzee aliyejinyoosha barazani baada ya chakula cha mchana.

“Hii injini ya nini, mwanangu?”

“Ya Hiace, mzee. Inavuta hiyo! Mlima Kitonga napanda na gia ya tatu.”

“Na kibao kinasema asilia.”

“Bodi ni asilia, mzee.”

Bodi ni asilia. Nimelala na maneno hayo siku tatu.

Sikilizeni. Bodi ile mnayoisifia ina sura ile kwa sababu ya injini ile. Waliochora 404 ni Pininfarina wa Italia, walewale waliochora Austin Cambridge na Morris Oxford za wakati huo, ndiyo maana wazee wengi mpaka leo wakiziona kwa mbali wanazichanganya, vile vimapezi vya nyuma vinafanana kama ndugu. Lakini boneti ya 404 iko chini, imetulia, na imetulia kwa sababu wahandisi wa Peugeot waliilaza injini ubavu ikakaa chini. Ukiichomoa ukaweka kitu kilichosimama kama mlingoti, unakata, unachomelea, unahamisha rejeta, unatengeneza upya mikono ya kushikia injini, na kila unachokata hakirudi. Kijana aliniambia bila aibu kwamba fundi “alirekebisha kidogo” ukuta wa nyuma ya injini. Nilipapasa kwa mkono. Kidogo hicho kinapitisha ngumi.

Halafu tuseme ukweli kuhusu hiyo injini iliyotupwa. Sentimita za ujazo 1618. Kichwa cha alumini, plagi zimezama chini kabisa ndani ya mirija mirefu, fundi asiyeijua anadhani gari halina plagi. Slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka. Hili ndilo watu wa zamani walilipenda: injini ikichoka huhitaji kuipeleka mjini kuchongwa, unatoa slivu na pistoni, unaweka seti mpya, unafunga. Wapo waliofanyiwa kazi hiyo chini ya mti, fundi ana spana, jeki na redio. Na betri ikifa ulikuwa unachomeka hendeli mbele, unazungusha kwa mkono, safari inaendelea. Gari liliundwa na mtu aliyefikiria mahali pasipo na gereji. Yaani sisi.

Kwani Safari zile, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, zilishindwa na bati? Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa hapahapa Dar es Salaam, tena ndani ya 404. Mwaka 1968 Nowicki akarudia, na mwaka huo pia yalifika 7 tu. Mara nne ndani ya miaka sita, kwenye matope ambayo magari ya bei kubwa kuliko hilo yaliachwa yamezama mpaka milangoni, na mara zote nne ilikuwa injini hiyohiyo iliyolala ubavu, ya kabureta au ya pampu ya kudunga petroli. Mjomba wangu alikuwa dereva wa teksi. Alimtaja Shankland kama vijana wa leo wanavyomtaja mshambuliaji wa Simba au Yanga, bila jina la kwanza na bila kueleza ni nani.

Sasa wewe unachukua gari hilo, unatoa kitu kilicholifikisha, unabakiza kitambulisho chake tu, na unaandika ASILIA. Angeweka ya 504 ningefumba jicho moja. Ile 1800 ya 504 ni mdogo wake wa damu, imetokana na hiyohiyo 1618 na nayo imelala vilevile. Lakini Hiace!

Rimu sizisemi, rimu zinafunguliwa. Tinti inabanduliwa. Rangi nayo, basi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nisingependa kulisema. Gari la kijana lilitoka Morogoro asubuhi ile kwa magurudumu yake, likiwa na watu wanne na kreti ya soda. Langu, 404 pia, linalokaa Tabata, lilifika uwanjani juu ya mgongo wa Canter. Pampu ya maji imevuja tangu mwezi uliopita na ya kubadilishia bado iko njiani kutoka Ufaransa, imekaa mahali fulani ikisubiri mtu aamue ushuru wake. Kijana hakunicheka. Alinisaidia hata kulisukuma kulishusha. Ndiyo, najua inavyoonekana.

Na najua anachokwepa. Mafundi walioijua 404 kwa masikio wanakwisha. Wangu yuko Tanga, anaweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia valvu ya tatu. Ukimpigia simu akiwa amelala unasubiri aamke, huwezi kwenda kwa mwingine. Spea ya Hiace ipo kila kona mpaka Sumbawanga. Ya 404 unaiomba kama posa.

Langu nalo nililiomba kama posa. Ni la 1969, jeupe, la mwalimu mstaafu mmoja wa Korogwe. Nililiona nikiwa kwenye basi, limewekwa juu ya mawe chini ya mwarobaini, pua imeangalia barabarani. Nikashuka kituo kilichofuata nikarudi kwa miguu. Mzee akanikaribisha, akanipa chai, akanionyesha kila kitu mpaka risiti za matairi. Nilipotaja bei akasema, “Siuzi, mwanangu. Nitalitengeneza.” Mnaijua sentensi hiyo. Nchi hii imejaa magari juu ya mawe yanayosubiri sentensi hiyo itimie. Kuku walikuwa wanataga kiti cha nyuma.

Nilikwenda mara nne ndani ya miaka mitatu, kila mara na sukari kilo mbili na gazeti. Mara ya tano nilikwenda msibani. Baada ya arobaini watoto watatu wakataka kuuza, na alikuwepo mnunuzi wa chuma chakavu ambaye alishakuja na mizani. Kwa kilo! Wa nne, binti mkubwa, akakataa gari la baba lipimwe kama misumari, akanipigia mimi. Na hapa nitoe ushauri mmoja wenye faida katika makala yote haya ya hasira: usimpe mtu hela kwa sababu tu ni mtoto wa marehemu. Subiri ateuliwe msimamizi wa mirathi mahakamani, barua iwe mkononi, na kadi ya gari ionekane kwa macho. Mimi nilisubiri miezi saba. Namjua mtu aliyelipa haraka, akalipeleka gari kwake, akapiga mpaka rangi, kisha akaibuka mjukuu kutoka Mwanza mwenye barua. Alibaki na picha.

Lilipofika kwangu fundi wa Tanga alikuja na begi lake, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kunizuia nisiguse swichi. Injini iliyolala miaka 11 ukiistua kwa starta unaikwaruza. Alimimina oili kidogo kwenye kila mrija wa plagi, akaliacha siku nne. Siku ya tano akaizungusha kwa hendeli, taratibu, nusu mzunguko, anapumzika, nusu tena. Tangi lilikuwa na petroli iliyogeuka kama gundi, tukalitoa lote likaoshwa. Nyigu walikuwa wamejenga vidongo vyao ndani ya bomba la moshi na kwenye kila kitundu kilichoachwa wazi. Panya walikula nyaya za taa za nyuma. Maji ya breki yalikuwa rangi ya kahawa, na silinda za magurudumu zimeganda zote. Sakafu upande wa dereva, pale mpira wa miguu ulipokuwa unashikilia unyevu, bati lilibaki kama karatasi. Hilo tulilikata tukachomelea jipya, maana sibishi na kutu.

Lakini rangi sikupiga. Nyeupe imefifia, juu ya paa imekuwa kama chokaa, na chini ya kitasa cha mlango wa dereva pana alama ya nusu mwezi ambapo kidole gumba cha mwalimu kilikula rangi miaka yote ile mpaka bati likaonekana. Nimepaka nta juu yake, basi. Jumapili watu wawili waliniuliza nitalimalizia lini. Mmoja wao, mwenye suti, akanipa namba ya mpiga rangi.

Na tafadhali, turubai la plastiki si blanketi. Ukilifunika gari kwa turubai hapa Pwani umelipikia mvuke, chumvi na joto pamoja, asubuhi ukifunua linatoka jasho. Shuka kuukuu la pamba na paa la makuti vinatosha.

Nairobi, kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa mashindano ya magari yaliyotunzwa tangu 1970. Nilikwenda mara moja. Waamuzi wanalikagua gari mpaka uvunguni, mtu na shati lake safi amepiga magoti kwenye nyasi anatafuta tone la oili. Hapa kwetu Jumapili mshindi alipatikana kwa makofi. Spika ikapigwa, MC akauliza “Nani anapenda hili?”, na nyekundu ikachukua kikombe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kijana yule sasa amesifiwa na uwanja mzima. Atapata gari la pili, atafanya hivyohivyo.

La pili atalitoa wapi, ndiyo swali. Kenya hawaingizi gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaingiza lakini ukongwe una ushuru wake, na mtu wa forodha haoni tofauti kati ya 404 ya 1962 na Vitz iliyochoka. Kwa hiyo zilizobaki ni hizi tulizo nazo, za chini ya mwarobaini, zenye kuku.

Jana usiku nikavunja kiburi nikampigia kijana. Sikumwambia lolote kuhusu kibao. Nilimuuliza injini aliyoitoa iko wapi.

“Ipo gereji, mzee. Wanaikalia.”

Nikadhani utani. Akanitumia picha. Kweli, nyuma ya gereji Morogoro, injini imewekwa juu ya tairi bovu, juu yake kuna ubao na juu ya ubao fundi anakula chipsi. Mirija ya plagi iko wazi yote minne. Kabureta haipo. Nikakuza picha mpaka nikasoma namba ubavuni.

Asubuhi mwenye gereji kapiga mwenyewe. Kumbe habari zimeshamfikia kwamba kuna mzee Dar anaitaka, na benchi la wiki iliyopita leo ni “injini ya Safari, mzee, hizi hazipatikani.” Bei aliyotaja sitaiandika, mke wangu anasoma hapa. Nimemwambia nakuja Jumamosi na Canter, na kwamba kuanzia sasa asiruhusu mtu aikalie, na aizibe ile mirija kwa matambara, leo hii, kabla mvua haijanyesha. Akaniuliza matambara atalipia nani.