Constantino Romero hakumwibia mtu sauti

Lawama dhidi ya filamu za kigeni zilizoingizwa sauti ya Kihispania huko Hispania ni ya siku nyingi: mwigizaji wa Marekani ametoka jasho, kisha mtu wa Barcelona anamnyang'anya sauti na kuweka ya kwake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nikimsikiliza Constantino Romero, mmoja wa waliozipa filamu hizo sauti, naona wanaoitoa hawajaitazama kazi yenyewe kwa karibu.

Romero, aliyezaliwa mwaka 1947, alianzia Radio Barcelona akiwa kijana. Mtangazaji wa redio hana uso wala mikono ya kumsaidia. Hasira, huruma na utani vyote vinapita kooni. Studio ya filamu ikamwongezea pingu. Filamu hukatwa vipande vifupi, naye husimama mbele ya maikrofoni, karatasi ikiwa kwenye stendi na macho kwenye skrini. Aanze mdomo wa mwenzake unapofunguka, amalize unapofungwa. Midomo ikikutana kwa "m" au "p", naye awe na herufi ya kufanana nayo. Halafu, ndani ya kibano hicho, aigize.

Yeye ndiye Darth Vader wa Wahispania, yule mwovu wa Star Wars, na ndiye Mufasa wao, simba mfalme wa The Lion King. Kwa Kiingereza wote wawili ni sauti ya mwigizaji James Earl Jones. Hapa ndipo lawama ya wizi inaponipa shida: ndani ya vazi jeusi la Vader alikuwamo mwigizaji mwingine, David Prowse, na sauti ya Jones iliwekwa baadaye. Yaani hata kwa Kiingereza, Vader ni mwili wa mmoja na koo la mwingine, na hakuna anayemwita Jones mwizi.

Au tazama Terminator 2 ya mwaka 1991. Mwigizaji wake, Arnold Schwarzenegger, anaaga kwa Kihispania, "Hasta la vista, baby", na ladha yote iko kwenye ugeni wa maneno hayo ndani ya Kiingereza. Kwa mtazamaji wa Madrid ugeni huo haupo; hiyo ni lugha ya mama yake. Romero akaaga kwa Kijapani, "Sayonara, baby". Wapo wanaoona ni kituko. Mimi naona neno limebadilika ili ladha isipotee.

Panapouma kweli ni kwa Clint Eastwood, mwigizaji wa Marekani. Sauti yake halisi ni nyembamba, ya kukwaruza, karibu mnong'ono; Romero alimpa besi ya mtu anayejaza chumba. Mhispania aliyemjua Eastwood kwa miaka mingi kupitia Romero alimjua mtu mzito kuliko alivyo. Hilo ni badiliko la mhusika, na siwezi kulitetea lote. Tena wapo wanaowatazama jirani zao Wareno, waliozoea kusoma maandishi chini ya picha huku wakisikia Kiingereza, wakaona Wahispania wamejinyima somo la bure.

Jeraha kubwa zaidi ni la kisiasa. Mwaka 1941 utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, uliamuru filamu za kigeni zizungumze Kihispania, na mkasi wa wakaguzi ukapata mlango. Mogambo ya mwaka 1953, iliyopigwa huku kwetu, Kenya, Tanganyika na Uganda, ina mke wa mtu, Grace Kelly, anayempenda mwindaji, Clark Gable. Wakaguzi hawakutaka uzinzi, basi mume na mke wakageuzwa kaka na dada. Fikiria mtazamaji wa wakati ule: anawaona ndugu wawili wakitazamana na kuoneana wivu kama wanandoa. Kwa kukimbia uzinzi, wakaguzi walimsukuma mtazamaji afikirie jambo zito zaidi.

Ila kosa hilo liliandikwa ofisini kabla ya yeyote kusogelea maikrofoni. Mogambo ilipotoka Romero alikuwa mtoto mdogo. Kumbebesha yeye na wenzake mzigo wa mkaguzi ni kumhukumu mpiga zumari kwa wimbo aliochagua mwenye sherehe.

Romero alitangaza kustaafu Desemba 2012, akafariki Barcelona tarehe 12 Mei 2013, akiwa na miaka 65. Amri ya 1941 ilishakufa zamani. Leo Mhispania hubonyeza kitufe na kuchagua: Kiingereza cha Eastwood, au Romero. Wanaomchagua Romero hawajalazimishwa na mtu.