Lefebvre siyo ukoo, ni kazi

Mpe mtu jina Lefebvre alisome kwa sauti bila kumuandaa, utacheka mwenyewe. Mmoja atasema Lefebuvure, mwingine Lefebivire, mwingine atakaa kimya aone wewe utasemaje. Wafaransa wenyewe wanalitamka kama vile hiyo b haipo kabisa, Lefevr basi, na bado mtu mwenye jina hilo akipiga simu ofisini inabidi ataje herufi moja moja sababu kuna Lefebvre, kuna Lefèvre, kuna Lefeuvre, kuna Lefébure, na huyo wa upande wa pili hawezi kujua ni ipi kwa kusikia tu.

Mimi majina ya Kifaransa nimekuwa nikiyafuatilia muda sasa na hili ndo nalipenda kuliko yote, lakini kuna kitu mtandaoni kinanikera kila nikilitafuta. Ukiandika tu Lefebvre zinakuja zile tovuti za kuuza "historia ya ukoo wako", wanakupa ngao yenye simba na panga, unaweza kuichapisha kwenye kikombe au fulana, halafu chini yake wanapanga watu maarufu wa "ukoo wa Lefebvre", jemadari wa Napoleon hapa, askofu pale, mwanafalsafa kule, yani wamepangwa kama binamu waliokutana kwenye msiba wa babu. Na watu wanalipa! Wakati ukweli ni kwamba ukoo wa Lefebvre haupo, haujawahi kuwepo, na yeyote anayekuuzia nembo yake anakuuzia picha ya simba tu.

Jina lenyewe linatokana na kazi. Kifaransa cha zamani mhunzi alikuwa anaitwa fevre, neno lililotoka kwenye Kilatini faber, ambaye kwa asili alikuwa fundi yeyote wa vitu vigumu, mbao, mawe, chuma, baadaye huko Ufaransa likabaki kwa mfua chuma. Sasa fikiria kijiji cha Ufaransa miaka ya 1100 au 1200. Watu wengi wanaitwa Jean, wengi Pierre, mapadri wanabatiza kwa majina yaleyale ya watakatifu, idadi ya watu inaongezeka, na anayekusanya kodi anataka kujua ni Jean yupi hajalipa. Basi anaandika Jean wa msituni, Jean mfupi, Jean mwokaji mikate, Jean mhunzi. Huyo wa mwisho ndo Jean le fevre. Na kwa kuwa mtoto wa mhunzi mara nyingi alikuwa anarithi nyundo na fuawe na mivukuto ya baba yake, jina nalo likarithiwa, ikafika siku mjukuu ni mkulima au muuza samaki na bado anaitwa Lefevre.

Na hapo ndo hoja yangu yote ilipo. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi. Bila yeye hakuna jembe la kukokotwa, hakuna mundu wa kuvunia, hakuna bawaba ya mlango, na farasi hana kiatu. Kwa hiyo jina hili halikuzaliwa mahali pamoja kwa mtu mmoja, lilizaliwa mara mamia kwa mamia, kila kijiji kivyake, kwa watu ambao hawakuwa na undugu wowote na hawakujuana. Ndo maana leo Lefebvre peke yake iko kwenye majina 20 yanayoongoza kwa wingi Ufaransa. Wingi wake ni wa wahunzi, siyo wa babu mmoja aliyezaa sana.

Kwetu huku tunachanganyikiwa kirahisi sababu tumezoea kitu tofauti. Upareni kuna Washana, na Mshana ni jina linalojulikana Tanzania nzima, nao walikuwa wahunzi, tena wahunzi waliotawala Ugweno kabla ukoo mwingine, Wasuya, haujawapindua. Lakini Washana ni ukoo kwelikweli, wana nasaba yao na utaratibu wa nani anamuoa nani. Lefebvre wawili wakikutana Lille, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, wakataka kuoana hakuna mzee atakayekohoa.

Haya, turudi kwenye hiyo b maana ndo utamu wenyewe. Mhunzi hakuiweka. Mhunzi wa zama hizo hata kusoma hakujua, jina lake lilikuwa linaandikwa na karani au padri, na makarani wa kuanzia karne ya 14 huko walikuwa na ugonjwa mmoja wa kupenda kuonyesha kwamba wamesoma Kilatini. Wanaona fevre wanasema ah, hii si inatoka faber, basi wanachomeka b ya heshima ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaitamka. Na kulikuwa na shida nyingine ya kweli kabisa, kwamba zamani u na v zilikuwa herufi moja, zinaandikwa sawasawa, kwa hiyo feure ungeweza kuisoma kwa namna mbili, b ikikaa mbele inamsaidia msomaji ajue inayofuata ni v. Kinachochekesha ni kwamba dawa ikawa ugonjwa, baadaye watu walipokuta Lefebure kwenye karatasi wakaisoma hivyohivyo na u yake, na leo kuna familia zinaitwa Lefébure kwa kosa la msomaji tu.

Halafu serikali ikaja ikagandisha. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza alitoa amri ya Villers-Cotterêts iliyotaka mapadri waweke daftari la ubatizo, mwaka 1792 mapinduzi yakahamisha madaftari kutoka kanisani kwenda serikalini, na 1794 ikapitishwa sheria kwamba hakuna raia anayeruhusiwa kutumia jina tofauti na lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Baada ya hapo kama babu yako aliandikwa na karani mwenye mapenzi na b, umebaki na b. Kama padri wenu alikuwa mvivu wa kalamu, wewe ni Lefèvre. Ndugu wawili wa damu wangeweza kuangukia pande mbili tofauti kwa sababu tu walibatizwa na watu wawili. Hapo huyo muuza nembo anawapa ngao mbili na bei mbili, mungu amsaidie.

Kwa hiyo jina halikwambii damu, ila kuna kitu linakwambia vizuri sana, nacho ni mahali. Hii ndo sehemu tovuti hizo zinairuka kabisa na ndo yenye maana. Lefebvre yenye b ni ya kaskazini, Lille na mitaa yake, Picardie, Normandie. Lefeuvre ni ya magharibi. Ukienda Bretagne ambako wana lugha yao isiyo ndugu wa karibu wa Kifaransa, mhunzi ni gov, na jina linakuwa Le Goff. Ukiteremka kusini wanakoongea Kioksitania unakuta Faure na Fabre, ukipanda Savoie na Uswisi unakuta Favre, na Franche-Comté ni Faivre. Wote hao ni mhunzi yuleyule! Yani Lucien Favre, yule kocha Mswisi aliyekuwa Borussia Dortmund, na Brett Favre wa mpira wa Kimarekani aliyebeba Super Bowl na Green Bay Packers Januari 1997, na rais wa Ufaransa Félix Faure ambaye mwandishi Émile Zola alimwandikia ile barua yake maarufu gazetini 1898, wote kwa jina ni kina Mhunzi, ukiwajumlisha na kina Lefebvre hilo jina linapanda juu sana kwenye orodha. Huyo Brett usimtafutie matamshi ya Kifaransa lakini, kwao Mississippi wanasema Farv na wamemaliza.

Na cha ajabu neno lenyewe limeshakufa. Mfaransa wa leo mhunzi anamwita forgeron, fevre hakuna anayelitumia, limebaki limejificha ndani ya orfèvre, sonara, na kwenye majina ya watu.

Sasa hao watu maarufu. Ninachopenda kwao ni jinsi wasivyofanana hata kidogo, ukiwaweka chumba kimoja wangepigana.

Wa kwanza ni Jacques Lefèvre d'Étaples, mtu wa Étaples pwani ya kaskazini, msomi aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kifaransa likatoka 1523, na Biblia nzima ikachapwa Antwerp mwaka 1530. Alibaki Mkatoliki mpaka kufa lakini wakubwa wa chuo cha Sorbonne walimuona mzushi, ikafika mahali akakimbilia Strasbourg. Karne iliyofuata kuna kina LeFevre wengine kabisa, Waprotestanti waliokimbia mateso, na wawili wao walikuwa kwenye kundi lililoanzisha mji wa New Paltz jimbo la New York mwaka 1678.

Wa pili ni François Joseph Lefebvre, na huyu ningeweza kumuongelea mpaka kesho. Alizaliwa Rouffach huko Alsace mwaka 1755, baba alikufa yeye akiwa mdogo akalelewa na mjomba padri, akakimbilia jeshini, akawa sajenti. Kwenye jeshi la mfalme, mtu wa kawaida kama yeye pale alikuwa kafika mwisho, ofisa alikuwa mtoto wa mabwana. Akaoa mfua nguo, Catherine Hübscher. Yakaja mapinduzi ya 1789, milango ikafunguka, sajenti akawa jenerali, 1804 Napoleon akampa fimbo ya umaarshali, cheo cha juu kabisa jeshini, 1807 akauzingira mji wa Danzig mpaka ukasalimu amri na kwa ushindi huo akapewa cheo cha Duke wa Danzig. Mkewe naye akawa duchesi, na akabaki anaongea vilevile kama sokoni mbele ya mabibi wa ikulu, mpaka 1893 akatungiwa mchezo wa kuigiza, Madame Sans-Gêne, yani bibi asiye na soni. Inasimuliwa kwamba siku moja rafiki wa zamani alikuja nyumbani kwa Lefebvre akawa anazungukazunguka anatazama mazulia na vyombo kwa jicho la wivu. Maarshali akamwambia twende uani, ufyatuliwe risasi 20 kwa umbali wa hatua 30, ukipona nyumba na kila kilichomo ni chako. Jamaa akakataa. Akamwambia basi elewa kwamba mimi nilifyatuliwa risasi elfu moja na zaidi, tena kwa karibu kuliko hapo, kabla sijapata hivi unavyoviona. Huyo ndo mtu unayetaka kumtengenezea ngao ya simba wa karne ya 12? Mwenyewe alijua nyumba yake imetoka wapi.

Wengine wawili nawaweka pamoja makusudi. Marcel Lefebvre alizaliwa Tourcoing 1905, padri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ndo shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo 1868, akafanya kazi Gabon miaka mingi, akawa askofu mkuu wa kwanza wa Dakar mwaka 1955, na kuanzia 1962 mpaka 1968 alikuwa mkuu wa shirika zima duniani. Halafu akagomea mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, akaanzisha jumuiya yake 1970 ya kushika misa ya Kilatini, na tarehe 30 Juni 1988 akaweka maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa, akatengwa na kanisa. Mwenzie ni Henri Lefebvre, alizaliwa 1901, mwanafalsafa mfuasi wa Karl Marx, akafukuzwa chama cha kikomunisti kwa ubishi wake, akaandika kuhusu haki ya watu kwenye jiji mwaka 1968, wazo ambalo wanaharakati wa makazi wanalitumia mpaka leo. Mmoja alitaka kurudisha zamani, mwingine alitaka kuibomoa. Wote wawili walikufa mwaka 1991, Marcel mwezi Machi, Henri mwezi Juni. Kwenye zile tovuti wanapangwa mmoja chini ya mwingine bila hata mstari wa kuwatenganisha, na Henri alizaliwa Hagetmau, kusini kabisa, kwa hiyo hata ile ramani ya majina haimfungi mtu kijijini kwao.

Na kama mtu unasoma historia hapo ndo balaa inaongezeka. Georges Lefebvre, mtoto wa Lille, ndo aliyeandika kuhusu hofu kuu iliyowakumba wakulima wa Ufaransa 1789. Lucien Febvre ndo aliyeanzisha jarida la historia la Annales pamoja na mwanahistoria mwenzake Marc Bloch mwaka 1929. Baadaye kwenye uongozi wa jarida hilohilo akaja Jacques Le Goff, mtaalamu wa zama za kati, alizaliwa Toulon lakini baba ni Mbretoni. Wahunzi watatu, wala hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzie. Georges alifika chuo cha Strasbourg 1928 na Lucien alikuwa anafundisha hapohapo mpaka 1933, yani kwa miaka kadhaa palikuwa na Lefebvre na Febvre kwenye chuo kimoja, somo moja. Na Henri naye akaja kufundisha Strasbourg kuanzia 1961, wenzake hao wawili wakiwa wameshafariki. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa tu profesa Lefebvre wa Strasbourg, usinukuu kitu kabla hujauliza ni yupi na mwaka gani.