Goti la Kushoto na Kesi ya Uchawi

Goti langu la kushoto liliumia kwenye mechi ya Idi, mabachela na wenye ndoa, hapa hapa Tanga. Hakuna aliyenigusa. Mguu ulibaki mchangani, kiwiliwili kikageuka kuufuata mpira, nikasikia "pa!" ndani ya goti. Refa alikuja mbio akanionyesha kadi ya njano kwa kujiangusha, na mpaka leo kuna watu Ngamiani wanaamini nilikuwa naigiza.

Bibi akanikanda kwa mafuta ya karafuu, uvimbe ukashuka, nikaoa, maisha yakaendelea. Lakini goti likabaki na tabia yake. Nikishuka kwenye daladala, lenyewe linakwenda kwake na mimi nakwenda kwangu, tunakutana chini.

Miaka ikapita ndipo nikafika kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali, kijana mpole, akachukua futi ya fundi cherehani na kunipima mapaja. La kushoto lilikuwa limenywea. Akanieleza kwamba kilichokatika siku ile ni ukano wa mbele, ule wa ndani ya goti unaozuia mfupa wa ugoko usichomoke mbele, na ukishakatika hauungi wenyewe kirahisi, kwa hiyo mzigo wanabebeshwa misuli. "Na misuli yako, mzee, imestaafu." Dawa yake ni mazoezi: kukaa hewani mgongo ukiwa ukutani, kuinua mguu ulionyooka wenye uzito kifundoni, na kutembea kinyumenyume, ambako kunalifanyisha paja kazi bila kulikamua goti sana. Akanichorea vijitu vya vijiti kwenye karatasi, akaandika maelezo kwa mwandiko wao ule, akagonga muhuri.

Uzito wa dukani uko mbali na mfuko wangu. Mama watoto akajaza chumvi ya mawe kwenye soksi, tukaifunga mguuni kwa kipande cha kaniki, maana ndicho kilichokuwepo. Na kwa kuwa sikutaka vijana wa kijiweni wanione, nikachagua alfajiri, kabla ya adhana. Joto la Tanga mnalijua: nilitoka na msuli tu, kifua wazi.

Hebu jiwekeni mahali pa jirani. Giza. Mtu kifua wazi anakuja kinyumenyume, kitambaa cheusi mguuni, ananong'ona, "kumi na moja... kumi na mbili..." Soksi nayo ina tundu kisiginoni, kila hatua inadondosha chumvi. Mimi nilikuwa naangalia nilikotoka, na huko kulikuwa shwari kabisa.

Jirani muuza vitumbua huamka kabla ya jogoo. Alifungua mlango akiwa na bakuli la unga alioulaza uumuke, na wakati huohuo makalio yangu yakawa yanawasili. Bakuli likaenda juu. Unga ukanishukia kuanzia utosini. Yaani kama kulikuwa na kitu kimepungua kwenye ule uchawi, ni weupe, nao ukapatikana.

"Shikamoo mama," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Usinishikamoo, mwanga mkubwa wewe! Jamani, nimemkamata!"

Nikajaribu kukimbia. Goti likafanya yale ya daladala, nikalala palepale kizingitini. Mtaa ukatoka: tochi za simu, michi, na mzee mmoja na kopo lake la maji, kakatizwa udhu. Mtoto akaifuata chumvi kwa tochi mpaka mlangoni kwangu, na upelelezi ukaishia hapo.

Mjumbe akaamshwa. Mama watoto akakimbilia ndani kuleta karatasi ya fizio, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Kijitu kimoja kimelala, mguu juu. Kingine kina mshale unaokwenda nyuma. Maandishi hakuna anayeyasoma. "Ndiyo hirizi yenyewe hiyo," sauti ikatoka nyuma. Mjumbe akaigeuza, akaipindua, akaisogeza kwenye tochi. Kidole chake kikatua pembeni, chini.

"Kuna muhuri," akasema.

Watu wakalegeza michi. Muhuri wa buluu, wa duara, una tarehe. Mchawi gani anapita hospitali kugongewa muhuri?

Hukumu ikatoka palepale. Nilipe unga. Chumvi niifagie mwenyewe, maana hakuna aliyekubali kuigusa. Na kinyumenyume nimeruhusiwa, ila iwe mchana, mbele ya watu.

Kwa hiyo sasa nafanyia jioni kwenye kijiwe cha kahawa. Wazee wananihesabia, wanabishana hesabu, tunaanza upya. Watoto wananifuata kwa mstari, nao kinyumenyume. Siku moja nikawakumbusha Ronaldo wa Brazili, kwamba mwaka 2000 alirudi uwanjani kwenye fainali ya Kombe la Italia, goti likafumuka baada ya dakika chache, na 2002 akabeba Kombe la Dunia. Mzee mmoja akashusha kikombe. "Kweli, ila Ronaldo hakumwaga vitumbua vya watu kwa makalio."

Wiki iliyopita fizio kapima tena: paja limeanza kujaa. Akafurahi, akasema sasa tunaingia kwenye usawa: kusimama kwa mguu mmoja, macho nimefumba, mikono nimeinyoosha. Akachora kijitu chake. Nikamwomba agonge muhuri kabla sijaondoka, tena augonge katikati.