Gari la kuegesha

Gari nalitaka, sikatai. Mvua ikinikuta kituoni na basi limejaa hadi mlangoni, usiniletee hoja yoyote. Lakini mjini hununui gari la kuendesha, unanunua la kuegesha! Unazunguka mtaa mzima kutafuta nafasi. Ukiipata unaogopa kuiacha, hata dukani unakwenda kwa miguu. Likikaa sana betri inaisha, diski za breki zinashika kutu, na bima inadai vilevile kana kwamba umezunguka nchi nzima. Foleni ndiyo usiseme: injini inanguruma, mafuta yanateketea, mwenye baiskeli anakupita (tena anakutazama kwa huruma, huyo ndiye simpendi kabisa). Na bado kila jioni nachungulia matangazo ya magari yaliyotumika.