Aliyekataliwa Jana, Leo Anafaa

Kuna sheria moja ya Uingereza ya mwaka 1917 ambayo nikiikumbuka nacheka, kisha nakosa raha. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima tangu mwaka uliotangulia, na bado askari hawakutosha. Basi Aprili ikapitishwa sheria ya kuwaita wakapimwe upya waliokwisha kukataliwa kwa ugonjwa au udhaifu. Si kwamba walikuwa wamepona. Ila jeshi lilikuwa na njaa ya watu.

Hebu mfikirie mmoja wao. Amevua nguo, yuko juu ya mzani, utepe unazungushwa kifuani, anaambiwa avute pumzi. Nyuma yake foleni. Daktari anajua kwamba ofisi iliyomweka pale inasubiri idadi. Simwoni kama mtu mbaya, lakini kesi ya nyani ilikuwa imepelekwa kwa ngedere.

Malalamiko yalifika bungeni, ikaundwa kamati chini ya mbunge Edward Shortt, ikasimuliwa habari za wagonjwa wa kifua kikuu na kifafa waliopitishwa kuwa wanafaa. Kabla mwaka haujaisha, upimaji ukaondolewa Wizara ya Vita ukakabidhiwa wizara ya kiraia. Na tazama kilichoonekana: katika wanaume milioni 2.4 hivi waliopimwa mpaka vita vinakwisha, kwa kila tisa, wazima kabisa walikuwa watatu tu. (Kweli, wengi wenye nguvu walikwisha kuchukuliwa, lakini hata hivyo!)

Ndiyo maana nasema anayedai askari asiwe ndiye bosi wa anayewapima. Mei 2024 Ukraine ilifuta daraja la "kufaa kwa kiasi", na waliokuwa nalo wakatakiwa kupimwa tena: unafaa au hufai. Nchi imevamiwa, naelewa. Lakini mhuri wa daktari ukishakuwa na thamani kiasi hicho, wenye uwezo huutafuta kwa mlango wa nyuma. Oktoba mwaka huohuo Mwendesha Mashtaka Mkuu wa nchi hiyo, Andriy Kostin, aliachia ngazi baada ya kufichuka kwamba waendesha mashtaka kadhaa walikuwa na vyeti vya ulemavu vyenye mashaka. Fundi wa magari atapata wapi cheti kama hicho?

Huku kwetu, mwaka uleule wa 1917, Waingereza walewale walikuwa wakiwakusanya vijana kwa nguvu wakawabebee mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndicho kilichotuachia jina Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na lishe mbovu kuliko kwa risasi. Wale wa London angalau walikuwa na mbunge wa kumwandikia barua.