Opera moja ndani ya msimu: hesabu ya siku za jukwaa

Baadhi ya kumbi za maonyesho za vyuo vikuu hupanga msimu kwa mtindo unaofanana: tamthilia tatu au nne, na opera moja. Ratiba ikishatoka, lawama huelekea upande mmoja. Opera hiyo inakaa jukwaani zaidi ya wiki mbili, inaonyeshwa mara nne tu, inataka okestra, na mara nyingi inaimbwa kwa lugha wasiyoijua watazamaji. Tamthilia yenye waigizaji wanane ingetumia siku hizo hizo kwa maonyesho maradufu, na fedha zikabaki. Walimu wa uigizaji wanaosema hivyo wanakijua wanachokisema, na hoja yao ni nzito kuliko watetezi wa opera wanavyopenda kukiri. Lakini hesabu inayotumika kuihukumu opera ina pengo, na pengo hilo linahitaji kuangaliwa kwa utulivu.

Tuzihesabu siku zenyewe. Opera ya ukubwa wa Le nozze di Figaro ya Mozart ikiingia jukwaani, mpangilio wa kawaida ni huu: siku mbili za kusimamisha mandhari, siku moja ya kutundika na kuelekeza taa. Kila uhusika una waimbaji wawili wanaopokezana, hivyo kuna makundi mawili. Kundi la kwanza linapita nafasi zake jukwaani kwa piano, kesho yake kundi la pili. Siku inayofuata waimbaji wanakutana na okestra bila kuigiza, wanaimba tu, ili kondakta alinganishe kasi, pumzi na ukubwa wa sauti. Yanakuja mazoezi manne ya maleba: mawili kwa piano na mawili kwa okestra, kila kundi lipate zamu yake. Siku moja ya kupumzisha sauti. Maonyesho manne. Siku ya kubomoa. Jumla ni siku 16 kwa maonyesho manne. Tamthilia hutumia siku mbili za mandhari, moja ya taa, mbili za kupitia mabadiliko ya taa na sauti, mbili za maleba na moja ya kubomoa. Zinabaki siku nane za kukutana na watazamaji.

Nane dhidi ya nne. Namba hiyo ndiyo inayorudiwa kwenye kila kikao, na mtu akiishia hapo ataona opera ni anasa.

Sasa tuulize kwa nini kuna makundi mawili. Mwimbaji wa opera hatumii maikrofoni. Sauti yake inapaswa kuvuka ala zaidi ya 30 na kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho. Uhusika wa Susanna katika Figaro humweka mwimbaji jukwaani karibu muda wote wa kazi inayochukua takriban saa tatu. Kijana wa miaka 21 akiimba hivyo leo na kurudia kesho, nyuzi za sauti huweza kuvimba. Siku ya tatu noti za juu hazitoki, naye hulazimisha kwa misuli ya shingo, na hapo ndipo sauti changa zinapoharibika. Kwa hiyo kundi la kwanza linaimba Alhamisi na Jumamosi, la pili Ijumaa na Jumapili. Kugawa huku ni kinga ya afya kwanza. Lakini kuna matokeo mengine yasiyoonekana kwenye bango.

Figaro ina wahusika 11 wanaoimba. Kwa makundi mawili, hao ni waimbaji 22. Kwaya ndogo ya watu 16. Okestra aliyoiandikia Mozart ina filimbi mbili, oboe mbili, klarineti mbili, basuni mbili, honi mbili, tarumbeta mbili na timpani. Ukiweka ala za nyuzi 20 na mpiga kinanda wa zile sehemu zinazoimbwa kwa mwendo wa mazungumzo, unafika watu 34. Jumla ni wanafunzi 72 wanaofanya kazi ndani ya siku zile 16, kabla hujawahesabu wa taa, maleba na nyuma ya pazia. Ile tamthilia ilikuwa na wanane. Ikiwa ukumbi wa chuo ni darasa, na fedha zake zinaombwa kwa jina la darasa, basi kipimo cha haki kingeanza na idadi ya wanaofundishwa kwa kila siku ya jukwaa. Kwa kipimo hicho opera haiko nyuma hata kidogo.

Namba 72 nayo inaficha jambo, na hapa watu wa tamthilia wana haki yao. Mwimbaji mkuu katika opera ya makundi mawili anakutana na watazamaji mara mbili tu. Mwigizaji wa tamthilia anakutana nao mara nane, na mengi ya uigizaji hujifunzwa hapo: kicheko kilichokuja jana kimepotea leo, kwa nini? Usiku wa kwanza mtu huokoka, wa pili hujiamini kupita kiasi, na kwa kawaida kuanzia wa nne ndipo anaanza kusikiliza wenzake. Mwimbaji wa chuo haufikii usiku wa nne. Tena mwanakwaya anayesimama nyuma ya kikundi cha wanakijiji kwa dakika chache hajifunzi kama mwigizaji mwenye kurasa 40 za mazungumzo. Mtetezi wa opera asiyeyakubali haya mawili anadhoofisha kesi yake mwenyewe.

Lawama kwamba opera ni kitu cha kigeni ina historia, na Afrika Mashariki tunaijua vizuri. Mwaka 1976 tamthilia mbili za Kenya zilizokuwa zikiandaliwa kwenda FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi mjini Lagos, ile ya Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilibanwa kwenye ratiba ya ukumbi wa taifa Nairobi kwa sababu tarehe zilikuwa zimetengewa maonyesho ya kigeni. Anayeiona opera ya Kiitaliano kwenye kalenda ya chuo akakumbuka jambo kama hilo hana chuki na muziki. Anajua kwamba ukumbi ni mmoja na mwaka una wiki zile zile.

Ila kumbi za vyuo hazikuwa mahali pa kurudia kazi za Ulaya tu. Pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ndani ya ukumbi wake wa Brander Matthews, zilizaliwa opera tatu kwa miaka michache: Paul Bunyan ya Benjamin Britten mwaka 1941, The Medium ya Gian Carlo Menotti mwaka 1946, na The Mother of Us All ya Virgil Thomson mwaka 1947. The Medium ilifika Broadway, kwenye kumbi za kibiashara za New York, mwaka uliofuata kuzaliwa kwake. Down in the Valley ya Kurt Weill ilianzia Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1948, Trouble in Tahiti ya Leonard Bernstein ikaanzia Chuo Kikuu cha Brandeis mwaka 1952. Susannah ya Carlisle Floyd ilionyeshwa kwanza Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1955, kisha ikachukuliwa na New York City Opera mwaka 1956. Nyumba kubwa za opera huogopa kazi mpya kwa sababu viti vitupu ni hasara ya mamilioni. Chuo kina okestra ya wanafunzi isiyolipwa ujira wa usiku na waimbaji wenye miezi ya kujifunza noti ambazo hakuna aliyezirekodi bado. Anayetaka opera itungwe kwa lugha zetu na juu ya mambo yetu, atapata wapi pa kuijaribu kama si kwenye ukumbi wa namna hii?

Mfano wa Cape Town unagusa zaidi. Baxter, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliofunguliwa mwaka 1977, uliwapokea watu wa rangi zote wakati sheria za ubaguzi zilikuwa bado kazini, na ndani yake tamthilia na muziki vimeishi pamoja tangu mwanzo. Dawa ya ugomvi wa kalenda pale iko kwenye jengo lenyewe: una ukumbi wa maigizo na ukumbi wa muziki chini ya paa moja. Shule ya opera ya chuo hicho ilimsomesha Pretty Yende, msichana kutoka mji mdogo wa Piet Retief, aliyeshinda Operalia, mashindano ya kimataifa ya waimbaji wa opera, mwaka 2011 na kuimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, New York, mwaka 2013. Waimbaji wengi wa Afrika Kusini walianzia kwaya za makanisa na shule, wakisoma sol-fa, noti za do, re, mi. Kwaya za namna hiyo ziko Mwanza, Kisumu na Bukavu. Sauti tunazo, tena nyingi. Kinachokosekana ni miaka ya kuzilea kwa utaratibu kabla hazijachoka.

Na tamthilia za Kiswahili hazikuwahi kuutenga muziki. Kazi zilizotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980, zikiwemo za Penina Muhando, zilitumia ngoma, nyimbo na usimulizi kama sehemu ya mwili wa igizo. Ukuta unaotenganisha idara ya muziki na idara ya maigizo ni wa kiutawala.

Opera ya chuo inapoharibika, mara nyingi chanzo ni kuchagua kazi isiyofaa. Sauti nzito za kiume na zile zinazotakiwa na opera za Verdi hukomaa mwimbaji akishapita umri wa miaka 30. Kumpa mwanafunzi uhusika huo ni kumuumiza. Kosa la pili ni ukumbi. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mazungumzo huua mwangwi ndani ya takriban sekunde moja au chini yake, ili maneno yasigongane. Opera hustawi kwenye sekunde 1.3 hadi 1.6. Mwimbaji asiyeisikia sauti yake ikirudi husukuma, na okestra ikiona anasukuma haipunguzi, huongeza. Kinachosaidia ni mandhari ya mbao ngumu badala ya mapazia, waimbaji kusogezwa mbele, na ala za nyuzi kupunguzwa kutoka 20 hadi 14. Shimo la okestra lisipokuwepo, safu mbili au tatu za viti vya mbele hung'olewa, na hizo ni tiketi zilizopotea kila usiku. Ziandikwe kwenye bajeti mapema. Kosa la tatu halionekani hadi mazoezi ya kwanza na okestra: waimbaji wamejifunza kwenye toleo moja la noti, wapiga ala wamekodishiwa toleo jingine. Kondakta anasema tuanze herufi K, alama ya mahali kwenye noti, nusu ya watu wako ukurasa mwingine. Saa mbili zinapotea kusahihisha kwa penseli, na mazoezi ya okestra ni machache tu.

Gharama nazo hazielekei upande mmoja. Mozart alifariki mwaka 1791, hana haki za kudai. Tamthilia ya mwandishi aliye hai hulipiwa kila usiku. Kinacholipiwa kwenye opera kongwe ni kukodi noti zilizohaririwa vizuri. Kazi za Britten, aliyefariki mwaka 1976, bado zinalindwa, lakini The Turn of the Screw inahitaji wapiga ala 13 tu. Dido and Aeneas ya Henry Purcell, iliyoimbwa katika shule ya wasichana Chelsea, London, mwishoni mwa miaka ya 1680, inachukua takriban saa moja, inatosheka na ala chache za nyuzi na kinanda, na kwaya yake ina kazi ya kweli: mara watu wa ikulu, mara wachawi, mara mabaharia. Mwanakwaya hapo hasimami bure.

Ndiyo maana opera ibaki kwenye msimu, kwa masharti. Mwaka mmoja ifanywe kubwa, mwaka unaofuata ndogo kama Dido, ambayo inaweza kumaliza mambo yake kwa siku tisa au kumi na kuiachia tamthilia karibu wiki nzima. Pale zamu ya kubwa inapofika, idara ya maigizo ipewe chumba kidogo chenye maonyesho manane yasiyoguswa na mtu. Makundi mawili yaongezewe maonyesho mawili wikiendi ya pili, ili kila mwimbaji apate usiku wa tatu. Mandhari yameshasimama, gharama ya ziada ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Lugha ifuate lengo: mwanafunzi anayetafuta kazi kwenye nyumba za opera hana budi kuimba Kiitaliano na Kijerumani, na tafsiri irushwe juu ya jukwaa, mistari miwili kwa wakati mmoja, na mtu anayesoma noti ndiye aibadilishe; akiiwahisha, watazamaji hucheka kabla mwimbaji hajafika kwenye mzaha.

Na waigizaji waingizwe ndani. Mozart ana opera zenye mazungumzo yasiyoimbwa: katika Die Entführung aus dem Serail, Pasha Selim, mwenye uamuzi wa mwisho juu ya maisha ya wote, haimbi noti hata moja, huyo apewe mwanafunzi wa uigizaji. Die Zauberflöte nayo ina kurasa nyingi za kusema, na hupendwa na vyuo. Tahadhari moja: Malkia wa Usiku anahitaji soprano mwenye fa ya juu kabisa, imara, siyo ya kubahatisha, na kwa makundi mawili wanahitajika wawili. Usaili ufanyike kwanza, bango lichapishwe baadaye.