Mgeni hayupo, darubini ya nini?

Ukimkuta muongoza watalii wa Arusha Jumapili ya Aprili kando ya Ziwa Duluti, darubini machoni na hakuna mgeni karibu, utasikia maelezo ya aina mbili. Wengi watasema anajinoa ili msimu ukifunguka Juni apate tipu nene. Wachache watasema jamaa anapenda ndege, basi.

Walio wengi wana hoja. Hobi, kwao, hutoka moyoni, na kijana anayeingia chuo cha utalii hana habari na ndege kama kwenzi au chozi. Anakariri majina kwa sababu mgeni aliyelipa ghali atamuuliza, na akijibu "ni ndege tu" siku imeharibika. Wanakupeleka Engikaret, barabara ya Namanga, aliko kipozamataza wa Beesley: ndege mdogo wa rangi ya vumbi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, asiyejulikana kwingine ila kwenye nyanda kavu za huku. Wafugaji wamepishana naye miaka nenda rudi bila kumjali. Leo vijana wao wanajua alipo, kwa kuwa wageni wanalipa kuonyeshwa. Hoja hiyo inauma, na sina hakika kama ina jibu kamili.

Kisha wanaleta 2020. Watalii walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka uliofuata wakashuka hadi 620,867. Darubini zikaingia kabatini, wenyewe wakaenda kulima nyanya au kuendesha bodaboda. Mapenzi yako wapi? Takwimu hiyo nimeisikia sana, na kila nikiitazama sioni inapima nini zaidi ya mfuko. Mwenye ada ya mtoto shingoni haendi Duluti kuhesabu midiria. Hata shabiki wa mpira, kifurushi cha king'amuzi kikiisha, hukaa gizani, na hakuna anayemwambia kwamba hakuwahi kuupenda mpira.

Kipimo kizuri zaidi kipo kwenye kalenda. Wageni hufurika wakati wa kiangazi. Ikifika Agosti au Septemba, dume la kweche ni kahawia lenye michirizi. Ukilichanganya na shomoro hakuna wa kukulaumu. Masika yakishika, dume huyohuyo anavaa wekundu na weusi, anatuna manyoya, anarukaruka juu ya majani akitafuta jike. Jamaa zake wengine huota mikia mirefu mpaka kuruka kwenyewe kunakuwa kazi. Ni kipindi ambacho kambi nyingi zimefungwa, barabara ni tope na tipu hakuna. Kwa hiyo anayetoka Moshi mjini na buti za mvua akashuka kwenye mpunga wa Mabogini kumtazama kweche, huku mkulima anayewinga ndege akimshangaa (kwa mkulima huyo ndege mzuri ni aliyekwenda zake), anajinoa kwa ajili ya mgeni gani? Mgeni wa Septemba hatauona wekundu huo. Mimi hapo naona hobi, na sioni kwa nini tuitafutie jina lingine eti kwa sababu ilianzia kazini.

Tena, kwa wengi haikuanzia kazini. Ilianzia kwenye manati. Mtoto aliyewinda hua migombani alishajua wanakunywa maji saa ngapi na wanatulia tawi gani. Kazi ilimwongezea majina, na mara nyingi ikamletea darubini yenyewe, zawadi ya mgeni anayerudi kwao. Ile ya 8x42 huvuta mara 8, na lenzi zake za milimita 42 hukusanya mwanga wa kutosha alfajiri. Chozi aliyekuwa doa jeusi kwenye ua la mgomba nyuma ya jiko anageuka kijani kinachong'aa, na ukucha wake unauona ulivyoshika ua. Mtu akishaona hivyo nyumbani kwake mwenyewe, suala la nani alimlipia ile darubini linabaki la majirani.

Mimi kinachonikera ni kwamba mlango huu wa kazi ni mwembamba. Unampitisha anayekaa mbele ya gari, karibu na mgeni na kitabu cha ndege. Mpishi hapiti. Mgumu wa Kilimanjaro, yaani mpagazi, anayeruhusiwa mzigo wa hadi kilo 20, hupita kwenye lobelia ambako chozi wa milimani hunyonya maua, na huko kambi ya Barafu kunguru wa shingo nyeupe humzunguka akiwinda mabaki ya chakula. Anawajua kwa sura kuliko mgeni yeyote. Jioni mizigo ikishatuliwa, mahema yakishasimama, ile darubini iko kwenye begi la muongozaji, na hakuna anayefikiria kumwazima mgumu hata kwa dakika mbili.